Mzee Chuwa na Mti wa Wajukuu

Mkazi wa Buguruni anaijua misitu ya nchi hii hata kama hajawahi kuikanyaga, kwa sababu misitu yenyewe huja mlangoni kwake. Huja kama mkaa, kwenye magunia ya lumbesa yaliyofunikwa nyasi mdomoni, yakitoka Kisarawe au Rufiji na kuishia kwenye ndoo na makopo ya muuza mkaa pale Kwa Mnyamani. Huja kama mirunda ya kujengea, kama vitanda vya mninga, kama vinu na michi, miko na mbuzi za kukunia nazi zilizopangwa chini sokoni. Huja kama magome na mizizi kwenye turubai la muuza dawa za asili. Ukisimama saa moja pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ya Mandela utayaona malori yakishuka bandarini na mengine yakipanda bara, na baadhi yamebeba mbao za miti iliyokuwa imesimama kabla babu zetu hawajazaliwa. Mji unakula msitu kila siku. Simlaumu mama anayechemsha maharage kwa mkaa, maana wanawe wanataka kula usiku huu. Nalitaja jambo hili kwa sababu nataka kumkumbuka mtu aliyeishi upande wa pili wa barabara ndefu ya bara, kule miti inakoanzia, na akatumia nguvu zake zote kurudisha kile ambacho sisi huku tunakichukua.

Sebastian Chuwa alifariki mwaka 2014. Alikuwa Mchagga wa Kibosho, mjuzi wa mimea, mtembezi wa porini, na katika miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa zaidi ya yote mtu wa vitalu vya miche. Wapuliza klarineti wa Ulaya na Marekani walimfahamu kuliko tulivyomfahamu sisi tunaouza na kununua mbao Dar es Salaam. Hilo linaniuma. Tumezoea kuwaenzi wapanda milima na wavuka mapori, watu waliokwenda mbali peke yao wakarudi na habari. Chuwa naye alikwenda mbali, na mapori aliyapenda kwa moyo wote. Lakini kila ninapoyapitia maisha yake ninasimama pale pale: mtu huyu alifika mahali akaona kwamba kulijua pori peke yake hakutoshi, akaanza kulitembelea akiwa na watoto wa shule nyuma yake.

Kibosho iko kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Mtoto wa huko hukulia ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, migomba ikiwa juu ya kichwa chake na kahawa chini ya migomba, mfongo, yaani mfereji wa maji ya mlima, ukipita kando, na masale yakiwa yamepandwa kuonyesha mpaka wa jirani na jirani. Vihamba vikiisha, msitu unaanza. Baba yake Chuwa alikuwa mganga wa mitishamba, na alikuwa akimchukua mwanawe kwenda naye kutafuta dawa. Naitafakari sana shule ile. Mganga wa mitishamba haingii msituni kutazama mandhari. Anautafuta mmea mmoja kati ya mia, na anautambua kwa harufu ya jani likifikichwa, kwa rangi inayojitokeza gome likikwanguliwa, kwa kupenda kwake kuota karibu na maji au juu ya mawe. Akiupata, mganga mwenye busara hang'oi mzizi wote. Anabakiza, kwa kuwa kesho kuna mgonjwa mwingine. Mtoto anayelelewa hivyo hujifunza bila kuhubiriwa kwamba kila kitu msituni kina jina lake, na kwamba msitu unaweza kwisha.

Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kuwafundisha Waafrika kazi ya kuhifadhi wanyamapori, kiko huko huko kwenye miteremko hiyo, na Chuwa alipita hapo. Kutoka hapo alikwenda Ngorongoro, akakaa miaka 17.

Anayeijua Ngorongoro kwa picha za kalenda hujua simba na faru. Kreta ile ni bonde lenye kilomita za mraba zipatazo 260, kuta zake zikipanda mita 600 hivi kutoka chini, na juu ukingoni kuna baridi na ukungu unaoweza kumfanya mtu wa Pwani ajute kutobeba koti. Miaka aliyokaa huko ilikuwa migumu. Ujangili wa faru uliikumba nchi nzima, na faru wa ndani ya kreta, waliokuwa zaidi ya 100 katika miaka ya 1960, walipungua mpaka kubaki chini ya 20. Wakati watu wengi walikuwa wakihesabu wanyama, na ilibidi wahesabiwe, Chuwa alikuwa ameinamia majani. Alikusanya mimea ya hifadhi ile, akaikausha, akaipa majina yake na kuipanga mpaka ikawa hazina ya marejeo kwa wataalamu waliokuja baada yake. Humo alikutana na mimea ambayo sayansi ilikuwa bado haijaiandika.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa, maana jina lake la kitaalamu huificha. Mkusanyaji hukata tawi lenye jani, ua na ikiwezekana tunda. Hulilaza kati ya karatasi za gazeti, hulibana kwa mbao mbili na mikanda, na kila siku hubadilisha magazeti ili jani likauke kabla halijaoza. Likikauka hushonwa au kubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huandikwa tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo, wenyeji wanauitaje mmea huo na wanautumia kwa lipi. Mtu anaweza kusoma vyuo vyote akajaza mistari yote ila huo wa mwisho. Ili kuujaza lazima uketi na mzee wa Kimasai, umwamkie inavyopasa, unywe maziwa anayokupa, na umsikilize. Mwana wa mganga alijua kuketi hivyo. Na ni kazi ya hatari kimya kimya, kwani anayewatazama wanyama huketi ndani ya gari, ilhali mkusanya mimea yuko kwa miguu, macho yako chini, na nyati yuko kwenye kichaka hicho hicho chenye ua analolitaka.

Kisha akarudi nyumbani Kilimanjaro. Wengi wetu tukimaliza utumishi wa mbali tunarudi kujenga, kufuga ng'ombe wawili na kupumzika, na hakuna ubaya ndani yake. Chuwa alirudi na wasiwasi. Mlima aliouacha utotoni ulikuwa umebadilika, msitu ukipungua na watu wakiongezeka juu ya vihamba vinavyogawanywa kila mtoto anapooa. Na huko chini, kwenye tambarare kavu ambako baridi ya mlima haifiki, kulikuwa na mti mmoja uliokuwa ukiondoka bila mtu kuulilia. Mti huo ni mpingo.

Nchi hii huuhesabu mpingo kuwa mti wake wa taifa, lakini ukiuona porini huenda ukaupita. Si mrefu. Umepinda, mara nyingi una mashina mengi yaliyotoka kwenye kisiki kimoja, una miiba, gome la kijivu, na majani madogo unayoyapukutisha wakati wa kiangazi. Mvua zikikaribia hutoa maua meupe madogo yenye harufu nzuri. Utajiri wake umefichwa ndani. Kuna fundi pale Buguruni Malapa anayetengeneza vipini vya visu na bakora, na siku moja alinionyesha kipande alichopata kwa mtu aliyetoka Lindi. Kwa nje kilikuwa na ukanda wa rangi ya njano iliyofifia, upana wa kidole, kisha ghafla pakaanza weusi wenye zambarau kwa mbali, bila mpito. Alikitia kwenye ndoo ya maji. Kilizama mara moja, kikagonga chini. "Huu hauelei, kaka," aliniambia, "na msumeno wangu hauupendi." Alinionyesha meno ya msumeno yalivyokwisha makali. Alikuwa amekata vipini viwili tu tangu asubuhi, na vumbi lililomshika kwenye vinyweleo vya mikono lilikuwa jeusi na laini, likimfanya apige chafya kila alipoinama. Aliposugua kipini kwa msasa, kisha kwa kitambaa chenye mafuta, kiling'aa bila rangi wala vanishi.

Ugumu huo ndio ulioutia mti matatizoni. Hakuna mbao inayostahimili pumzi na mate ya mpulizaji, joto na unyevu, bila kupasuka kwa urahisi, na inayokerezwa mpaka kwenye tundu jembamba lililonyooka, kuliko mpingo. Kwa hiyo klarineti na obo za okestra, na zumari za mifuko za Waskoti, zimetengenezwa kwa mpingo wa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa sasa. Viwanda vikubwa vya Ufaransa vinauhitaji. Huenda hata klarineti ya askari anayepiga katika bendi kwenye sherehe Uwanja wa Uhuru, mwendo mfupi tu kutoka Buguruni, ni mti wa kwetu uliokwenda Ulaya na kurudi ukiwa na vibonyezo vya fedha. Kisha kuna Wamakonde. Wachongaji waliovuka mto Ruvuma kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na mijini waliugeuza mpingo kuwa sanaa iliyoiweka Tanzania kwenye majumba ya makumbusho. Samaki Likankoa alianzisha vinyago vya mashetani yenye viungo visivyo na mpangilio wa kibinadamu, na Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kama mwanzilishi wa vinyago vya ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana. Kila mtu wa mjini amewahi kukiona kinyago cha namna hiyo, ama sokoni Mwenge ama kwenye meza ya ofisi fulani. Wachache wamewahi kujiuliza kile kipande kilichukua muda gani kuwa kinene kiasi kile.

Kilichukua miaka 70, pengine 100. Na gogo linapofikishwa kiwandani, sehemu kubwa hutupwa: palipo na ufa, palipo na kifundo, palipopinda, na moyo ulioliwa na moto wa porini. Kinachobaki na kufaa klarineti ni sehemu ndogo tu ya mti uliokatwa. Ongeza moto unaowashwa kila kiangazi na unaoua miche, ongeza mashamba mapya, ongeza mkaa, maana mpingo una moto mkali na mchoma mkaa hachagui mti kwa ajili ya muziki. Upande wa kaskazini, kuzunguka Moshi na Arusha, mpingo mnene ukawa shida kupatikana, na biashara ikahamia kusini, Kilwa, Lindi na Mtwara, ambako bado upo.

Chuwa alianza kuupanda. Watu wenye akili zao timamu wangeweza kumwambia kwamba anapoteza wakati, na kwa hesabu za duka wangekuwa sahihi. Mkaratusi unakupa mirunda baada ya miaka michache. Msonobari unakupa mbao kabla mwanao hajazeeka. Mpingo hautakupa chochote, wala mwanao hautampa kitu. Mwaka 1992 ilitoka filamu ya hali halisi kuhusu mti huu, iliyoitwa The Tree of Music, na Chuwa alikuwamo. Huko Texas fundi mmoja wa kukereza mbao, James Harris, aliyekuwa akiutumia mpingo kwenye kazi zake za mapambo, aliiona filamu hiyo. Akamtafuta. Mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo, Harris akichangisha kwa mafundi mbao na wapiga muziki wa kwao, Chuwa akisimamia kazi yenyewe Kilimanjaro. Napenda habari hii kwa kuwa haina serikali ndani yake wala mkutano wa hotelini. Fundi alitambua kuwa kuna deni kwenye mbao aliyoishika, akatafuta mahali pa kulilipa. Mafundi wetu wa mitaani hawana dola za kutuma, ila nadhani yule wa Malapa, aliyekishika kile kipande kwa mikono miwili, angemwelewa Harris bila mkalimani.

Kitalu cha mpingo hakina maajabu ya kumvuta mpiga picha. Ganda la mbegu ni jembamba, kavu, karibu liwe karatasi, na ndani kuna mbegu moja au mbili. Udongo wa msituni huchanganywa na mchanga na samadi, hutiwa kwenye viriba vya plastiki vilivyotobolewa chini, na mbegu hufukiwa kidogo tu. Juu huwekwa kichanja cha nyasi au majani ya migomba ili jua lisiunguze. Kinachofuata ni maji, asubuhi na jioni, kwa miezi. Mpingo mchanga unashughulika zaidi chini kuliko juu: unashusha mzizi mrefu huku shina likionekana kudumaa, kiasi kwamba mtoto aliyeupanda anadhani umemgomea. Mzizi ukitoboa kiriba na kuingia ardhini lazima kiriba kinyanyuliwe na mzizi ukatwe, vinginevyo mche utakufa siku ya kuhamishwa. Kisha masika inangojewa. Ukipandwa, mbuzi wataula. Moto utaupitia. Ukiwa na bahati utachipua tena kutoka kwenye mzizi ule ule ulioufanya uonekane mvivu, na hapo ndipo utaelewa mti huu ulikuwa unajiandaa kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo mti wa namna hii hauwezi kupandwa na mtu mmoja akaondoka. Unahitaji watu watakaokuwapo. Naamini Chuwa aliliona hilo mapema kuliko wataalamu wengi, na ndiyo maana alikwenda shuleni. Alifanya kazi na klabu za Malihai, zile klabu za wanafunzi za kuhifadhi mazingira zenye makao yake Arusha. Aliibeba pia Roots & Shoots kwa upande wa Kilimanjaro. Mpango huo ulianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, pale Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alipoketi na wanafunzi wachache kwenye baraza ya nyumba yake wakizungumzia mambo yaliyokuwa yakiwasumbua. Mbegu ilitoka mjini kwetu ikaenda mlimani, na ikapata mtu wa kuimwagilia. Alifanya kazi na vikundi vya akina mama vilevile, ambao ndio wanaojua ndoo ya maji ina uzito gani na kuni zinafuatwa umbali gani. Hakuwaambia wapande mpingo peke yake, mti usiomsaidia mwenye njaa. Ilipandwa miti ya kuni, ya kivuli cha kahawa, ya kushika kingo za mito, na katikati ya hiyo yote ukapandwa mti wa wajukuu.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Ni rahisi kumtaka maskini aitunze dunia ya miaka 100 ijayo huku umemwacha na leo yake. Yeye aliifunga leo na kesho ile ya mbali kwenye kitalu kimoja, ili mwanamke anayekwenda kumwagilia miche ya kuni zake aumwagilie na mpingo uliokaa jirani. Mti hauendi ila kwa nyenzo, wazee walisema, na nyenzo ya Chuwa ilikuwa shida za kila siku za watu wa kwao.

Dunia ilimwona. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Rolex, inayotolewa kwa watu wenye kazi za aina yake katika sayansi, uvumbuzi na mazingira. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa kupitia juhudi zake na za vikundi alivyoviongoza, mpingo na mingineyo, ilifika milioni moja. Ni mwaka ule ule ambao Wangari Maathai wa Kenya alipata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi aliyoianza mwaka 1977 ya kupanda miti na wanawake wa vijijini. Maathai tulimpigia makofi mpaka huku Ilala. Hatukujua kwamba mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Ubungo kulikuwa na mwenzake.

Nakiri kwamba neno milioni, lenyewe peke yake, silitegemei. Nchi hii imepanda mamilioni mengi ya miti kwenye hotuba. Kila Aprili Mosi viongozi hushika koleo, picha hupigwa, na ukirudi Agosti unakuta vijiti vikavu. Mche uliopandwa na mti unaoishi ni mambo mawili, na mpingo, kwa kukua kwake polepole, una miaka mingi ya kufa kabla haujahesabika kuwa mti. Wapo wataalamu wanaosema kwa mti kama huu ni bora kulinda ile inayoota yenyewe msituni kuliko kuhangaika na viriba. Wana hoja yenye uzito, na ushahidi wao uko Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwaruhusu wanavijiji kumiliki misitu iliyo kwenye ardhi yao na kuvuna mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kabla ya hapo gogo la mpingo lilimwachia mwanakijiji fedha ya chai tu. Baada ya hapo kijiji kilianza kuuza mti wake kwa bei iliyo karibu na haki, na msitu ukapata walinzi wanaoujua kila kona. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ambamo mpingo umo iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ya kuvuka mipaka sasa inaandamana na vibali, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti.

Najua haya yote na bado nasimama upande wa Chuwa. Kilwa walikuwa na msitu wa kulinda. Chuwa alikuwa kwenye nchi ambayo mpingo mnene ulikuwa umekwisha kuondoka, na pasipo na mama mti jirani wa kudondosha mbegu, kungojea uote wenyewe ni kungojea bure. Zaidi ya hapo, mtoto aliyenyanyua kiriba kukata mzizi anajua kitu ambacho hakiandikwi kwenye kibali chochote. Ameshika kwa vidole vyake muda ambao kitu kizuri huhitaji. Atakapokuwa diwani, au mwanamke mwenye genge la nyanya, au mfanyabiashara wa mbao, atakuwa nao muda huo kichwani.

Na watoto wale wamekua. Mwanafunzi wa miaka 12 wa mwaka 1996 sasa ana miaka arobaini na kitu. Kwa jinsi watu wa Kilimanjaro walivyo na miguu ya biashara, wengi wao wako huku: wana maduka Kariakoo, wana spea Ilala, wana vibanda vya vifaa vya ujenzi Buguruni ambamo mbao zinauzwa kwa futi. Desemba wanapanda mabasi na familia zao kwenda kula sikukuu mlimani. Mipingo waliyoipanda, ile iliyopona, ina unene wa mguu wa mtu mzima na haijafikia kipimo cha kukatwa. Itafika kipimo hicho karibu na mwaka 2070, na wao watakuwa wamezeeka au hawapo. Kuna haki ya kumwuliza mtu wa namna hiyo, huku akikupimia mbao, kama anaukumbuka mche wake. Mimi huwauliza. Wengine wanacheka. Mmoja, mama wa makamo mwenye duka la misumari na mabati, aliacha kuhesabu chenji akanieleza kwa kirefu namna walivyokuwa wakibeba maji kwa madumu kutoka mfongoni, na jinsi mwalimu alivyoandika jina la kila mtoto kwenye kibati cha kopo la maziwa na kukitundika kwenye mche. Wake ulikufa kwa mbuzi, akasema, wa rafiki yake upo mpaka leo, naye akienda Desemba huupitia kuusalimia, kwa kuwa rafiki yake mwenyewe alikwisha kufariki.

Nasi wa huku Pwani tunaweza kuupanda, maana mpingo si mti wa milimani. Unaota kwenye tambarare zenye joto na kiangazi kirefu, na ardhi ya Pwani, kuanzia Kisarawe na kuendelea kusini, ni makazi yake halisi. Hakuna sababu ya kiasili inayozuia shule za Ilala kuwa na mipingo michache kando ya ukuta, mahali ambapo sasa kuna kifusi na mwarobaini mmoja. Nimelizungumza hili na walimu wawili wa huku Buguruni. Swali lao la kwanza lilikuwa la maji wakati wa likizo, na ni swali zuri, maana ndilo ambalo wapanda miti wa Aprili Mosi huwa hawaliulizi. Tumekubaliana kwamba watoto wanaokaa mtaa wa jirani watapangiwa zamu, na kwamba tuanze na viriba vichache ili visitushinde. Mbegu tutaagiza Morogoro. Ili miche iwe tayari kuingia ardhini masika ya Machi, inabidi tuzitie kwenye udongo kabla Septemba haijaisha.